Foleni haipimwi kwa macho

Siku mbili kabla ya kilele cha Nane Nane, katika viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, nilisimama karibu nusu saa nikisubiri watoto wawili wapande bembea ya kuzunguka. Vumbi la Agosti kila mtu analijua. Binamu yangu, muuguzi anayeishi Boston, alikuwa amekuja likizo na wanawe, na mama yake, yaani mama mdogo wangu wa Uyole, alikuwa amejitanda kitenge juu ya sweta. Mbele yetu walikuwepo watoto kama sitini.

"Hapa tutapanda jioni," mama mdogo akasema.

Nikamwambia hapana mama, dakika ishirini na tano. Akanitazama kwa jicho la pembeni. Lakini nilikuwa nimeshahesabu: bembea ina viti 12, na mzunguko mmoja, tangu kupandisha watoto mpaka kuwashusha, unakula dakika tano. Hiyo ni mizunguko 12 kwa saa, watoto 144. Watoto 60 kati ya 144 ni dakika 25. Tulipanda dakika ya 28, kwa sababu kijana wa tiketi aliacha kazi akaenda kutafuta chenji ya noti ya elfu kumi.

Hesabu ile haikuwa ya kupoteza muda tu. Mwisho wa mwezi binamu anarudi Marekani pamoja na mama yake, ambaye visa anayo tangu alipokwenda kulea mjukuu wa pili, na njiani wamepanga kupita Orlando, Florida, kwenye bustani za burudani za Disney. Binamu ameshasikia habari za watu kusimama saa mbili kwa ajili ya mchezo wa dakika tatu. Mama mdogo, ambaye anauza viazi kwa jumla na haogopi kuuliza bei, aliuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala hii: "Nauli yote hiyo, halafu nikasimame? Si ningesimama hapahapa Uyole bure?"

Tuanze na ile hesabu ya bembea. Mwaka 1961 John Little, aliyekuja kuwa profesa wa chuo cha MIT, alithibitisha kanuni ambayo mtoto wa darasa la sita anaimudu: idadi ya watu waliomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya watu kupita, mara muda ambao kila mmoja anasubiri. Ukivijua viwili, cha tatu unakipata. Kanuni haijali kama wanaosubiri ni watoto, wagonjwa au malori ya shaba yanayovuka Tunduma.

Ukiielewa hiyo, unagundua kwamba macho yanadanganya. Foleni ya watu 300 kwenye mchezo unaomeza watu 2,000 kwa saa inaisha kwa dakika 9. Foleni ya watu 100 kwenye mchezo unaomeza 400 itakusimamisha dakika 15. Mgeni asiyejua anaikimbilia ile fupi, tena anakimbia huku anamvuta mtoto mkono.

Pale Magic Kingdom, bustani ya Disney inayokadiriwa kupokea watu zaidi ya milioni 17 kwa mwaka, tofauti hii unaiona waziwazi. Kuna nyumba ya mizimu, Haunted Mansion, ambayo vigari vyake vimeungana kama mnyororo na kwa kawaida havisimami. Unapanda ukiwa juu ya mkanda unaotembea nao sambamba. Mashine ya namna hiyo inameza watu kama kinu cha kusaga kinavyomeza mahindi. Halafu kuna Dumbo, vitembo vinavyoruka kwa kuzunguka. Hapo lazima mashine isimame, watoto washuke, wengine wapande, mikanda ifungwe, mama fulani apige picha. Vitembo ni 16 kwa mashine moja. Tukisema kila kitembo kinabeba watu wawili na duru nzima inachukua dakika nne, ni watu 480 kwa saa, basi. Ni bembea yetu ya Nane Nane iliyopakwa rangi nzuri zaidi. Disney wenyewe waliliona hilo, na mwaka 2012 wakaweka mashine ya pili ya Dumbo kando ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya foleni yoyote si "ina urefu gani" bali "mlango unameza wangapi". Simama dakika moja, hesabu vigari vinavyoondoka na vichwa vilivyomo. Ukizidisha kwa sitini umepata jibu.

Swali la pili ni saa ngapi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoliwa.

Kila aliyesafiri kwa basi kutoka huku kwenda Dar anaijua Kitonga. Lori linafeli katikati ya kona, barabara inafungwa, magari yanaanza kujipanga juu na chini. Baada ya saa mbili winchi inalitoa lori. Je, foleni imekwisha? Thubutu. Magari yaliyojikusanya yanapita kwa kasi ileile ya mlima, moja baada ya jingine, na wakati hayo yanapungua mbele, mengine yanaongezeka nyuma. Dereva wa mwisho kukwama hata lori lenyewe hakuliona. Anasubiri deni ambalo limeachwa na watu waliokwishafika Mikumi.

Bustani ya burudani ni Kitonga ya kila siku. Chukua mchezo unaomeza watu 1,200 kwa saa. Saa ya kwanza tangu kufunguliwa wanakuja 600: hakuna foleni. Saa ya pili wanakuja 1,500: mia tatu wanabaki nje, na anayefika mwisho wa saa hiyo anasubiri dakika 15. Saa ya tatu 1,600: deni linafika watu 700, dakika 35. Saa ya nne wimbi limeanza kupungua, wanakuja 1,300 tu, lakini deni limefika 800 na kusubiri ni dakika 40. Umeona? Saa yenye foleni mbaya kuliko zote si ile iliyoleta watu wengi kuliko zote. Na hakuna aliyekosea wala mashine iliyoharibika. Takwimu hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya mfano, lakini umbo la siku ndivyo lilivyo: asubuhi kweupe, mchana kunafurika, jioni deni linalipwa taratibu.

Ndiyo maana wazoefu wanashinda langoni kabla halijafunguliwa. Kwa kawaida Magic Kingdom inafunguliwa saa tatu asubuhi, na wanaolala katika hoteli za Disney wanaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Nusu saa inaonekana kitu kidogo, lakini ni nusu saa isiyo na deni, na inaweza kukupa michezo miwili ambayo saa nane mchana ingekula nusu ya siku. Binamu alikuwa ametafuta hoteli ya bei nafuu nje, dakika ishirini kwa gari. Nilimwambia apige hesabu upya, ajumlishe na maegesho. Kwa upande wa kuamka sina wasiwasi nao. Agosti, Florida iko nyuma yetu kwa saa saba, na mwili wa mama mdogo utakuwa bado uko Uyole: saa tisa usiku ya kule ni saa nne asubuhi ya huku, muda ambao yeye anakuwa ameshapakia magunia na kuanza kudai watu. Uchovu wa safari ambao wengine wanaulalamikia, kwake ni tiketi ya mapema.

Mchana wa Agosti Florida joto linapita nyuzi 30 na mvua za radi ni za kawaida. Radi ikikaribia, michezo ya nje inasimamishwa. Watu wanatawanyika, wengine wanarudi hotelini kabisa. Beba koti la mvua, ingia kwenye michezo ya ndani, na chungulia simu. Ya nje inaporudi kufanya kazi, waliovumilia wanakuta nafasi. Kwa mtu aliyezoea mita 1,700 za Mbeya, joto lile litamsumbua kuliko radi. Sweta libaki kwenye begi.

Upande wa kalenda binamu alibahatisha vizuri bila kujua. Shule za Florida na majimbo mengi ya kusini mwa Marekani hufunguliwa Agosti hiyohiyo, wakati za Boston bado zimefungwa mpaka karibu na Septemba. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya Agosti watoto wa jirani wako darasani. Unaweza kusema watu wakipungua kidogo kuna tofauti gani? Kubwa, na kuna Mdenmark aliyetuonyesha kwa nini. Agner Erlang alifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na tangu mwaka 1909 alikuwa akichapisha hesabu za simu zinazosubiri kuunganishwa. Katika mfano rahisi kabisa uliotokana na kazi ya namna yake, mhudumu mmoja akiwa na shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake, kwa wastani wako watu 4 pale, ukihesabu na anayehudumiwa. Akifika asilimia 90 wanakuwa 9. Akifika 95 wanakuwa 19. Ongezeko dogo la kazi, foleni mara mbili. Ukigeuza upande wa pili ni habari njema: punguza watu kidogo tu, foleni inanyauka. Krismasi, mwaka mpya na Pasaka ndiyo asilimia 95 yenyewe, na zaidi.

Chanzo cha foleni kunenepa hivyo ni kutolingana. Kama kila mtu angefika kwa zamu na kila huduma ingechukua muda uleule, mhudumu angefanya kazi siku nzima bila foleni. Lakini wanakuja kwa mafungu, na kuna noti ya elfu kumi isiyo na chenji.

Sasa jambo la pesa, ambalo lilizua ubishi jikoni kwa mama mdogo.

Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass. Ilikuwa bure: unachukua kikaratasi chenye saa yako, unakwenda kula, unarudi na kuingia kwa mlango wa pembeni. Wakati wa korona ilisimamishwa, na Oktoba 2021 ikaja huduma ya kulipia iliyoanza na dola 15 kwa mtu kwa siku. Julai 2024 ilibadilishwa jina ikawa Lightning Lane Multi Pass, na bei inapanda na kushuka kulingana na siku na bustani. Michezo michache yenye wapenzi wengi mno inauzwa peke yake. Mwishoni mwa 2024 wakaongeza daraja la wenye nazo, Premier Pass, ambayo ilipotangazwa bei yake ya juu ilikuwa dola 449 kwa mtu mmoja, siku moja, mbali na kiingilio.

Watu wanadhani mlango wa pembeni unaongeza nafasi. Hauongezi hata kiti kimoja. Pale njia mbili zinapokutana amesimama mfanyakazi anayeamua nani apite, na wenye pasi hupewa kipaumbele. Tuseme mchezo wetu wa watu 1,200 kwa saa unatoa viti 800 kwa wenye pasi. Waliosimama foleni ya kawaida wanabakiwa na 400. Watu 400 walio mbele yako, ambao wangekwisha kwa dakika 20, sasa wanachukua saa nzima. Ndiyo maana foleni ya kawaida inasimama ghafla kama imegandishwa huku wengine wanapita kando wakicheka.

"Kumbe ni kuchomekea, ila kwa risiti," mama mdogo akasema. Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo.

Je, anunue? Binamu alitaka anunulie siku zote nne. Mimi nilimshauri siku moja tu, ya Magic Kingdom, kwa sababu ndiyo yenye michezo mingi inayokubali pasi hiyo, na asubuhi moja haitoshi kuipitia yote. Kwa siku nyingine waamke. Akinunua, asisubiri kufika langoni: wanaolala hoteli za Disney wanaanza kuchagua siku saba kabla, wengine siku tatu kabla, kwa kawaida michezo mitatu ya mwanzo, na kila unapotumia mmoja unaruhusiwa kuchagua mwingine. Yote yanafanyika kwenye simu, kwa hiyo simu ikizima chaji umetupa pesa. Pawabenki ni lazima kuliko kofia.

Jioni hiyohiyo tuliwapima watoto urefu, maana baadhi ya michezo haimpandishi mtoto aliye chini ya kipimo fulani. Hili watu hulisahau mpaka wamefika mlangoni baada ya kusimama dakika hamsini. Binamu alimsimamisha mkubwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni, nikaweka kitabu bapa kichwani, mama mdogo akatoa futi ya fundi cherehani. Sentimita 118. Mchezo wa Space Mountain wanataka 112, amepita. TRON wanataka 122, hajafika, akanuna. Mdogo alijinyoosha mpaka visigino vikapanda, tukavishusha. Sentimita 96. Kitreni cha wale vibeti saba, Seven Dwarfs Mine Train, wanataka 97.

"Sentimita moja tu? Atavaa vile viatu vya soli nene," bibi yake akasema. Binamu akasema tutapima upya wiki ya mwisho, labda ugali wa Uyole utafanya kazi.

Kama mtoto mmoja hafiki kipimo na wazazi wawili wote wanataka kupanda, kuna utaratibu wa bure unaoitwa Rider Switch: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Unamwambia mfanyakazi mlangoni kabla ya kuingia. Familia yetu haiuhitaji sana, maana mama mdogo ameshajitoa. "Mimi kuporomoka nimeporomoka Kitonga, inatosha," alisema. Kwa mtu mzima anayekubali kutengana na wenzake, baadhi ya michezo, kama Expedition Everest, imekuwa na foleni ya mtu mmojammoja inayojaza viti vinavyobaki pale kundi la watatu linapokaa kwenye siti za wawiliwawili.

Hata ukifanya yote haya, bado utasimama. Na kusimama kuna hesabu yake nyingine, ya moyoni. Mwaka 1985 David Maister, mwalimu wa mambo ya biashara, aliandika jinsi watu wanavyouhisi muda wa kusubiri: usio na shughuli unaonekana mrefu kuliko wenye shughuli, usiojulikana mwisho wake ni mrefu kuliko unaojulikana, usioelezwa sababu ni mrefu kuliko ulioelezwa, wenye dhuluma ni mrefu kuliko wenye haki, na wa mtu aliye peke yake ni mrefu kuliko wa kundi. Nenda Tunduma foleni ya malori inapochacha, utayaona yote. Utingo amewasha mkaa karibu na tairi, anasonga ugali. Madereva wawili wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Hao hawana shida. Mwenye shida ni yule anayezunguka na makaratasi mkononi ambaye hakuna anayemwambia ni leo au keshokutwa.

Disney wamelisoma hilo mpaka mwisho. Pale Dumbo walipoongeza mashine ya pili, waliweka pia hema lenye michezo ndani: mzazi alikuwa anapewa kifaa kidogo, watoto wanacheza, zamu ikifika kifaa kinatetemeka. Foleni ilikuwa palepale, ila mtoto hajui kama yumo. Foleni nyingine zimekunjwakunjwa ndani ya vyumba vyenye picha na sauti, usione mwisho wake, na sidhani kama ni urembo tu. Halafu kuna kibao cha muda mlangoni. Kwa miaka mingi waliupima muda huo kwa kumpa mgeni mmoja kadi nyekundu yenye kamba, aikabidhi akifika kwenye mashine. Tofauti ya saa ndiyo jibu. Lakini kinachoandikwa mara nyingi kinazidi muda halisi. Ukiambiwa dakika 60 ukapanda kwa 45, unatoka na furaha. Ungeambiwa 40 ukapanda kwa 45, ungelalamika. Basi kibao kisome kama bei ya kwanza ya muuza viazi.

Kuna ujanja mmoja wa mwisho, na kwa maoni yangu unazidi pasi ya dola 449. Aliyeingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga kwa kawaida anaruhusiwa kupanda, hata saa ikishapita. Mchezo uliokushinda mchana kwa dakika tisini, ungoje mpaka dakika kumi za mwisho, wakati wengine wanakimbilia basi na watoto wao wamelala mabegani. Kibao kinaweza kuwa bado kinasema dakika arobaini ili kukufukuza. Hesabu vichwa, zidisha, amua.

Mama mdogo alisikiliza yote huku anapukuchua maharage. Alipomaliza sinia akauliza kuhusu chakula. Nikamwambia chakula chake anaruhusiwa kuingia nacho, mradi kisiwe kwenye vyombo vya kioo. Karanga na maandazi hayana tatizo.

"Na kigoda changu kile cha kukunja, cha mnadani?"

Viti vya kukunja ni marufuku, mama.

Akakung'uta maganda mapajani, akafikiri.

"Kitenge hawajakikataza?"

Hawajakikataza.

"Basi nitakaa chini."